Maji ya Moto na Waya wa Kijani

Katika nyumba nyingi za kupanga za Nairobi, Arusha na Mbeya, bafu lina masharti yake ambayo mpangaji mpya huelezwa mapema: vaa kandambili kabla ya kufungua maji, na usiguse shawa kwa mkono uliolowa. Anayesahau hukumbushwa na bomba lenyewe. Vidole vinatetemeka, mkono unaruka, naye hutoka akiwasimulia wenzake kwamba amepigwa shoti. Watu wameishi na jambo hili kwa muda mrefu hadi wengi wanaliona kuwa hulka ya shawa za umeme. Lakini shawa iliyofungwa vizuri haipigi shoti hata kidogo. Kinachomtetemesha mtu ni umeme uliovuja unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na kwa kuwa haukuwekewa waya wa kupitia, unapita kwenye mwili wake.

Anayekwenda dukani kununua hita ya maji huuliza bei, kisha huuliza kama inachemsha haraka. Mambo yatakayoamua kama hita hiyo itamfilisi au itamdhuru hayamo ndani ya boksi analokabidhiwa. Yamo ukutani, darini na kwenye mita: unene wa waya, hali ya ethi, valvu ya tangi, na dakika ambazo kila mtu wa nyumba hiyo husimama chini ya maji. Familia hujinyima miezi kadhaa ili kununua kifaa kizuri, kisha ikamwita fundi wa bei ya chini kabisa aje kukifunga. Hesabu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu.

Shawa ya papo kwa papo, ile ambayo hita yake imo ndani ya kichwa chake, ilibuniwa Brazil katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Nchi hiyo ilikuwa na mito mikubwa ya kuzalisha umeme, huku nyumba nyingi zikiwa hazina mabomba ya gesi. Kutoka huko imesambaa hadi Afrika Mashariki, na bidhaa za Lorenzetti, kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1923, ni miongoni mwa zile zilizozoeleka sana madukani. Watu wanaipenda kwa sababu za maana. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na boila, haichukui nafasi, inaridhika na msukumo mdogo wa maji ya simtanki lililo juu ya paa, na hakuna kusubiri.

Ndani yake kuna chumba kidogo chenye koili. Maji yakiingia husukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kikagusanisha swichi, na koili ikawaka. Nguvu ya shawa nyingi ni kama kilowati 5.5, na kwa nguvu hiyo lita tatu za maji kwa dakika hupanda joto kwa takriban nyuzi 26. Ndiyo sababu ukifungua maji kwa wingi yanapoa, na ukiyapunguza yanaunguza. Joto la koili ni lile lile, kinachobadilika ni maji yanayoligawana. Mgao wa maji ukiacha hewa kwenye bomba, koili inaweza kuwaka bila maji ya kutosha na kukatika. Kwa hiyo shawa mpya, au ile iliyokaa kavu kwa siku kadhaa, hufunguliwa kwanza kwa dakika moja hivi swichi yake ikiwa imezimwa, hadi maji yatoke mfululizo.

Katika shawa nyingi za bei nafuu koili hiyo iko wazi. Maji yanayomwagikia kichwa cha mtu yametoka kugusa waya wenye umeme wa volti 230. Kwa anayelisikia jambo hili mara ya kwanza ni kama wazimu, lakini mtengenezaji amelifikiria. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, na kidogo kinachopita hukutana na kipande cha chuma kabla ya kutoka kwenye matundu. Kipande hicho kimeunganishwa na waya wa ethi, ule wa rangi ya kijani na njano. Umeme uliovuja hunaswa hapo na kwenda ardhini kabla haujamfikia mwogaji. Usalama wote wa kifaa umebebwa na waya huo mmoja.

Na ndio waya unaoongoza kwa kupuuzwa. Fundi anafika bafuni, anakuta nyaya mbili tu zinatoka ukutani kwa sababu aliyejenga hakupitisha wa tatu, naye anaukunja wa kijani, anauzungushia selotepu na kuuacha. Kisha anafungua maji, maji yanatoka ya moto, mwenye nyumba anafurahi na kulipa. Hakuna dalili yoyote ya kosa. Shawa isiyo na ethi huchemsha vizuri sawasawa na yenye ethi, na kwa hiyo kosa linaweza kukaa miaka bila kugunduliwa, hadi siku koili itakapochakaa au maji yatakapobadilika.

Maji hubadilika kweli. Ukanda wa pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, nyumba nyingi hutegemea visima virefu, na baadhi ya visima hivyo vina maji ya chumvi. Chumvi ikiongezeka, maji hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na uvujaji uliokuwa wa kutekenya vidole unakuwa wa hatari. Hii ndiyo maana dukani kuna shawa zinazouzwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Koili yake imefunikwa ndani ya mrija ili isigusane na maji. Bei yake iko juu kidogo, na kwa nyumba inayotumia kisima, au inayonunua maji ya boza bila kujua yamechotwa wapi, ndiyo pekee ya kununua. Hata hiyo nayo inahitaji ethi, kwa kuwa mrija huliwa na chumvi na siku moja hutoboka.

Ngozi iliyolowa haina ukinzani mkubwa. Mwili wa mtu aliyelowa unaweza kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000, na kwa volti 230 hiyo ni miliampia 230, kiasi kinachozidi mno kile kinachotosha kuvuruga mapigo ya moyo. Kifaa kinachoitwa RCD, ambacho hufungwa karibu na meni swichi, hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampia 30, kinakata kwa kufumba na kufumbua. Shawa za koili wazi wakati mwingine hukifanya RCD kikate kila mtu anapooga, na dawa ya mafundi wengine ni kukiondoa RCD. Hapo mlinzi amefukuzwa kazi kwa kosa la kupiga kelele alipomwona mwizi. Cha kubadilishwa ni shawa, iwekwe ya koili iliyofunikwa.

Kuna ujanja mwingine ambao ni mbaya kuliko kukosa ethi kabisa. Fundi asiyekuta waya wa kijani ukutani huuunganisha ule wa shawa na nyutro, akijua kwamba nyutro nayo mwisho wake ni ardhini. Siku zote mambo yakiwa salama, ujanja huo hauonekani. Siku nyutro itakapolegea mahali popote njiani, kile kipande cha chuma kilichowekwa kumlinda mwogaji ndicho kitakachobeba volti zote. Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza fundi waziwazi, waya wa kijani umeishia wapi, na aonyeshwe.

Unene wa waya ni habari fupi. Shawa ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampia 24 mfululizo, wakati soketi ya ukutani yenye plagi ya pini tatu imetengenezwa kwa ampia 13 tu. Shawa haichomekwi kwenye soketi, wala haiungwi kwenye waya wa taa. Inahitaji njia yake kutoka kwenye sakiti breka, kwa waya wa milimita za mraba 4 au 6 kutegemea umbali, na swichi yake ya peke yake yenye nguzo mbili inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Swichi ya bafuni iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, au inayonuka plastiki iliyoungua, inasema kwamba kiungio kimelegea na moto unajipika ndani ya ukuta.

Sasa fedha. Chukua familia ya watu wanne, kila mmoja anaoga kwa dakika nane kwa siku chini ya shawa ya kilowati 5.5. Jumla ni dakika 32, sawa na uniti 2.9 kwa siku, na kwa mwezi ni uniti 88. Tanzania, mteja mdogo wa shirika la umeme la TANESCO aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada humgharimu shilingi 350. Kundi la kawaida la T1, kwa viwango vya mwaka 2016, ni shilingi 292 kabla ya kodi. Maana yake ni kwamba shawa peke yake, kabla ya taa, friji na pasi, imekwisha kuitoa familia hiyo kwenye bei ya mteja mdogo. Wengi hulalamika kwamba mita ya LUKU inakula fedha tangu wahamie nyumba mpya, na kumbe kilichohama ni namna yao ya kuoga. Kenya nako, tangu mabadiliko ya bei ya mwaka 2023, mteja wa nyumbani huwekwa daraja la uniti 30, la hadi 100 au la zaidi ya 100 kwa mwezi, na maji ya moto ni njia ya haraka sana ya kupanda daraja.

Watu hao hao wanne wakioga kwa dakika tano, hesabu inashuka hadi uniti 55. Hakuna kifaa cha kubana matumizi kinachouzwa dukani kinachoweza kushindana na hizo dakika tatu.

Ndoo nayo isidharauliwe. Lita nne za maji yaliyochemka zikichanganywa na lita 11 za maji baridi hutoa ndoo ya lita 15 yenye joto la kutosha kuoga, na kazi hiyo ikifanywa kwa umeme hutumia kama theluthi moja ya uniti. Shawa ya dakika nane hutumia zaidi ya mara mbili ya hapo. Bibi anayeoga kwa kata na beseni ana matumizi bora ya nishati kuliko mjukuu wake aliye chini ya shawa, na anastahili kuambiwa hivyo. Tahadhari ya ndoo iko kwa watoto. Maji baridi hutangulia kwenye beseni na ya moto hufuata. Mtoto akichungulia au akitumbukiza mkono kabla mambo hayajakamilika, atakutana na ya baridi.

Boila ni jambo jingine. Hili ni tangi lililofunikwa kwa sponji ngumu, la lita 30, 50, 80 au zaidi, linalopasha maji na kuyatunza. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutumia uniti 2.3, na kwa hita ya kilowati 1.5 hiyo ni kazi ya saa moja na nusu hivi. Wako wanaoamini kwamba kuliacha boila limewaka usiku na mchana ni nafuu kuliko kuliwasha na kulizima, kwa hoja kwamba kuanza upya kunakula umeme mwingi. Hoja hiyo si kweli. Tangi hupoteza joto kila saa, na jinsi maji yalivyo moto ndivyo joto linavyokimbia kwa kasi. Boila lililozimwa hupoteza joto kwa kasi inayopungua kadiri linavyopoa, na kiasi kilichookolewa hakidaiwi tena. Swichi yenye saa, inayowasha alfajiri na kuzima watu wakishaoga, hurudisha gharama yake bila kuchelewa.

Joto la kulitegea boila lina mvutano wake. Mwaka 1976, wajumbe wa mkutano wa chama cha wanajeshi wastaafu uliofanyika katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, waliugua homa ya mapafu isiyojulikana na 29 wakafariki dunia. Bakteria aliyepatikana kuwa chanzo aliitwa Legionella. Huyo hustawi katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, na hufa maji yakikaa kwenye nyuzi 60. Kwa hiyo tangi linalohifadhi maji lisitegwe kwenye uvuguvugu kwa nia ya kubana umeme. Upande wa pili, maji ya nyuzi 60 humchoma mtu mzima vibaya kwa sekunde chache, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Suluhisho ni valvu ya kuchanganya, ambayo huacha tangi kwenye nyuzi 60 na kutoa bombani maji yaliyopunguzwa makali. Penye watoto wadogo na wazee, valvu hiyo ni ya lazima zaidi ya marumaru za ukutani.

Kisha kuna ile valvu ndogo pembeni ya tangi, ambayo hudondosha matone boila linapochemsha. Maji yakipashwa joto hutanuka, na valvu ya usalama huruhusu ziada itoke. Matone hayo ni dalili ya afya. Lakini yanalowesha ukuta, yanaudhi, na matokeo yake wapo wanaoiziba kwa plagi ya bomba. Mchana wa tarehe 19 Januari 1982, tangi la kuchemshia maji lilipasuka katika Shule ya Msingi ya Star huko Spencer, jimbo la Oklahoma, Marekani, karibu na chumba ambamo wanafunzi walikuwa wakila. Watoto sita na mwalimu mmoja walikufa. Maji yaliyopita kiwango cha kuchemka yakiwa yamebanwa, mara tangi linapopasuka hugeuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huhitaji nafasi inayofika mara 1,700 ya ile ya maji. Kidhibiti joto kikishindwa kuzima, hakuna kinachobaki kati ya nyumba na mlipuko wa namna hiyo isipokuwa valvu inayodondosha. Iachwe idondoshe, na ifungiwe mrija mdogo wa kupeleka matone nje.

Afrika Mashariki ina kile ambacho nchi nyingi zinakitamani: jua linaloshusha wastani wa uniti nne hadi sita kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafungwe mitambo ya jua, na yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Utekelezaji ulisuasua, lakini mapaa ya mitaa mingi ya Nairobi yalianza kuota matangi yaliyolala juu ya mirija ya vioo. Mtambo huo hauna pampu. Maji yaliyopashwa joto na jua huwa mepesi na kupanda tangini, ya baridi hushuka kuchukua nafasi, na mzunguko huo hujiendesha wenyewe hadi jioni.

Hasara kubwa ya mitambo hiyo hutokana na hita yake ya akiba, ile ya umeme inayosaidia siku za mawingu. Ikiachwa imewaka muda wote, hupasha tangi zima usiku, na jua likichomoza linakuta maji yamekwisha kuwa ya moto. Mwenye nyumba amenunua mtambo wa jua na bado analipia umeme. Hita ya akiba iwashwe jioni tu, baada ya kuona siku imeshindwa. Nairobi hilo lina uzito wake, kwa kuwa miezi ya Juni hadi Agosti, yenye baridi kali, ndiyo pia yenye mawingu mengi. Mirija iliyokaa kavu juani isijazwe maji baridi mchana, itapasuka. Kazi hiyo ni ya alfajiri au baada ya magharibi.

Kwa hita za gesi, sharti ni moja na halina msamaha: moshi wake utoke nje kwa bomba lake, au hita yenyewe ikae nje. Gesi inayoungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu hupata kizunguzungu, huketi, na hanyanyuki tena. Jiko la mkaa linaloingizwa ndani usiku wa baridi hufanya kazi hiyo hiyo.

Hita ya kuchovya, ile ya wanafunzi wa hosteli, ina utaratibu wa kufuata: kwanza iingie majini, ndipo umeme uwashwe, na umeme uzimwe na plagi ichomolewe kabla mtu hajagusa maji wala ndoo. Kupima joto kwa kidole hita ikiwa inawaka ni jambo ambalo wengi wamelifanya mara nyingi bila kudhurika, na wengine walilifanya mara moja tu.

Mpangaji yuko katika hali ngumu kuliko wote, kwa sababu shawa ni yake lakini nyaya ni za mwenye nyumba. Mazungumzo juu ya ethi yanafaa kufanyika kabla ya kodi ya kwanza kulipwa, na fundi atakayeitwa awe na leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania, pamoja na kipimo cha kupima ethi. Bisibisi ya taa huonyesha umeme ulipo, haiwezi kuonyesha kwamba ethi ipo. Na mpangaji anapohama na shawa yake, nyaya tatu hubaki zikining'inia juu ya bafu, zimefungwa kwa nailoni, mahali ambapo mpangaji anayefuata atanyoosha mkono gizani kutafuta swichi. Breka ya shawa izimwe, ncha za nyaya ziingizwe kwenye kiunganishi na kufunikwa ndani ya boksi lenye mfuniko, kabla ufunguo haujakabidhiwa kwa mtu mwingine.